Utani na Ufundi: Habari za Vijana wa Motokaa wa California, 1932–1963

Utani ni desturi iliyoandikwa sana habari zake katika Afrika ya Mashariki. R. E. Moreau alieleza utani wa makabila ya Tanganyika mwaka 1941, mwaka mmoja baada ya A. R. Radcliffe-Brown kutoa makala yake juu ya desturi za namna hiyo. Tangu hapo wataalamu wamebishana juu ya asili yake: wengine huipeleka kwenye vita vya zamani, wengine kwenye misafara ya biashara, wengine kwenye ndoa na ukoo. Lakini juu ya sura ya utani hawabishani sana. Mtani ana ruhusa ya kusema neno ambalo likisemwa na mtu mwingine huzua ugomvi. Na mtani huyo huyo ana wajibu ambao mtu mwingine hana. Anayekucheka katika msiba wako ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Kicheko kisicho na wajibu si utani, ni dharau.

Makala haya yanakusudia kuchukua kipimo hicho na kupimia jambo la mbali kidogo, ili tuone kama kinafaa nje ya kabila na ukoo. Jambo lenyewe ni habari za vijana wa kusini mwa California, nchini Marekani, ambao tangu miaka ya 1930 walinunua motokaa kuukuu, wakazifumua na kuziunda upya ili ziende kasi kupita alivyokusudia mwenye kiwanda. Vijana hao hawakuwa wa mlango mmoja. Kilichowakutanisha ni injini. Walakini walitaniana mchana kutwa, na katika kutaniana walipeana mashauri ya ufundi: kabureta gani yafaa, kichwa cha silinda kikatwe kiasi gani, nini kitolewe na nini kiongezwe. Nadai ya kuwa mambo hayo mawili, mzaha na mashauri, hayakuwa mawili. Utani wao ulikuwa chuo chao. Ulipitisha elimu, ulipima ukweli wa maneno, na ulimkemea mtu aliyehatarisha maisha. Nadai vilevile ya kuwa chuo hicho kilikuwa na mipaka, nasi hatuna budi kuionyesha.

Chanzo cha habari hizi kipo nyuma kidogo. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T, na hata ilipokoma kutengenezwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha kutoka milioni 15. Ilikuwa nafuu kwa bei na ngumu kwa mwili, lakini ilikuwa na vituko vyake. Injini ilikuwa na nguvu ya farasi 20 tu, na mwendo wake haukupita sana maili 40 kwa saa. Petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tangi mpaka kwenye kabureta bila ya pampu. Kwa hiyo mtu akikabili mlima mkali na mafuta yamepungua, alilazimika kuigeuza gari na kupanda kinyumenyume. Chombo cha namna hii hakikosi kuchekwa. Wamarekani walitunga mizaha mingi juu yake hata ikauzwa katika vijitabu. Mmoja ulisema kwamba mtu aliusia azikwe pamoja na Ford yake, kwa kuwa hajapata kuingia katika shimo ambalo gari hiyo haikuweza kumtoa. Mwingine ulisema kwamba mkulima alipeleka kiwandani bati kuukuu la paa lake, akajibiwa kwa barua ya kuwa gari yake imeharibika vibaya mno, lakini itatengenezwa.

Ukiitazama mizaha hiyo kwa makini utaona kwamba kila mmoja umebeba habari ya ufundi. Wa kwanza wasema kwamba gari hiyo hutoka matopeni. Wa pili wasema kwamba bodi lake ni jepesi. Mtu aliyechekea safari ya kupanda kinyumenyume alikuwa amekwisha kufundishwa, pasipo kujua, jinsi mafuta yanavyofika katika injini. Na ila ikitangazwa, hapakosekani mtu wa kuitafutia dawa. Mafundi wakaanza kuuza vifaa vya kuongeza nguvu za Model T. Miongoni mwao walikuwa Louis Chevrolet na ndugu zake, ambao katika miaka ya 1920 waliuza vichwa vya silinda kwa jina la Frontenac. Hivyo mtu ambaye jina lake lilibandikwa katika gari iliyokuwa mshindani mkubwa wa Ford, akawa anatafuta riziki kwa kuitia Ford mbio. Historia nayo hutania.

Mwaka 1932 Ford alitoa injini mpya ya silinda nane, zilizosubiwa katika pande moja la chuma. Ilikuwa na nguvu ya farasi 65, na iliuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Miaka michache baadaye gari hizo zilipoanza kuchakaa, ziliingia katika mikono ya vijana. Hii ilikuwa zama ya dhiki kuu ya uchumi, na fedha hazikuwapo. Kilichokuwapo ni magofu ya motokaa, nguvu za mikono, na majirani wenye spana. Kijana alitoa madigadi, akatoa kioo cha mbele, akatoa kila kitu kilichokuwa na uzito bila ya kazi. Kisha akaigeukia injini. Aliweza kukwangua kichwa cha silinda ili hewa na mafuta vibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Aliweza kuongeza kabureta ya pili. Aliweza kubadili kamshafti, yaani mhimili wenye nundu unaofungua na kufunga valvu, ili injini ivute pumzi ndefu zaidi.

Injini hiyo nayo ilikuwa na aibu yake. Njia za moshi zilipita ndani ya pande lile la chuma, katikati ya silinda, zikayapasha moto maji ya kupozea. Rejeta ilitokota upesi. Mwenye gari iliyosimama njiani ikitoa mvuke hakuwa na haja ya kuambiwa na mwalimu wa chuo kikuu kwamba moto unakwenda mahali usipotakiwa. Wenziwe walikwisha kumwuliza kama chai iko tayari. Lakini baada ya kicheko walimfunulia boneti. Hapo ndipo utani unapotengana na dharau. Mwenye dharau hucheka akapita. Mtani hucheka akasimama.

Kaskazini ya Los Angeles, katika jangwa la Mojave, kulikuwa na ziwa kavu liitwalo Muroc. Uso wake ulikuwa mgumu na sawa kama sakafu, kwa maili nyingi. Vijana walikwenda huko na gari zao kupima mbio. Mwanzoni gari kadhaa ziliondoka pamoja, bega kwa bega, na aliyebaki nyuma aliingia katika vumbi asione mbele. Wengine waliumia na wengine walikufa. Mwaka 1937 vyama kadhaa vya vijana hao viliungana kuunda Southern California Timing Association, na mwezi Mei mwaka 1938 chama hicho kilifanya shindano lake la kwanza huko Muroc. Mtindo uliokuja kushika mizizi chini yake ulikuwa wa gari moja kwenda peke yake, ikapimwa kwa saa katika umbali uliokwisha kupimwa.

Saa ile ilikuwa na maana kubwa kwa utani wao. Katika vibaraza vya mjini kila mtu aliweza kusema kwamba gari yake inakimbia maili 120 kwa saa, na hapakuwa na wa kumkanusha. Ziwani maneno yalikoma, na namba ikasema. Aliyejivuna maili 120 akarudi na 98 alipewa jina la kumfaa, nalo jina hilo lilimfuata nyumbani. Walakini namba ile ile iliyomwaibisha ilimfungulia mlango wa kuuliza: imekuwaje? Na waliomcheka walikuwa tayari kumjibu, kwa kuwa kila mmoja wao alikwisha kupita katika aibu kama hiyo. Wanavyuoni wana desturi ya kupima hoja kwa ushahidi, na hujivunia desturi hiyo. Vijana wale waliifuata pia, na mlinzi wake alikuwa kicheko.

Lakini tusidhani kwamba kila fundi alikuwa mkarimu wa elimu yake. Ed Winfield, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa bingwa wa kabureta na kamshafti kusini mwa California, na alijulikana kwa ukimya na kwa usiri. Alijua thamani ya alichokijua. Vic Edelbrock, aliyetoa bomba lake maarufu la kugawia hewa na mafuta la injini ya Ford mwaka 1938, aliuza kazi yake waziwazi kwa kila aliyeweza kulipa. Hata hivyo mwaka 1950 gari yake ndogo, ikiendeshwa na Rodger Ward katika uwanja wa Gilmore mjini Los Angeles, ilizishinda gari zilizokuwa na injini bora zaidi, na siri ilikuwa katika mafuta: alikuwa ametumia nitromethani, wala hakuwaambia washindani wake. Siri hizi zatufunza kwamba utani si sheria ya kumlazimisha mtu kutoa kila alicho nacho. Hata katika utani wa makabila, mtani huchukua kuku uani, hachukui shamba.

Ujuzi wa Winfield hata hivyo haukufa naye chumbani. Kijana mmoja wa wazazi wa Kiarmenia, Ed Iskenderian, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa akimtembelea na kumwuliza, na alimhesabu kuwa mwalimu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ambamo alitumika katika jeshi la anga, Iskenderian alihitaji kamshafti kwa gari yake mwenyewe, akaambiwa angoje sana. Hakungoja. Alinunua mashine kuukuu ya kusagia chuma, akaigeuza iweze kusaga kamshafti, akaanza kazi ambayo ilikuja kulifanya jina lake lijulikane nchi nzima.

Vita vyenyewe viliujaribu umoja wa vijana hao kwa njia mbili, moja ya sifa na nyingine ya huzuni. Njia ya sifa ni ya Veda Orr. Huyu alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mno walioshindana katika maziwa makavu, na mumewe Karl alikuwa na duka la vifaa vya mbio. Mashindano yaliposimama mwaka 1942 na vijana wakatawanywa katika majeshi, Veda Orr aliendeleza jarida dogo la habari, akawapelekea askari waliokuwa ng'ambo bila ya malipo. Barua na picha zikaenda na kurudi. Mtu aliye kisiwani katika bahari ya Pasifiki, asiye na gari wala barabara, aliweza kusoma habari za wenzake na mizaha yao, na kufikiri juu ya injini atakayoiunda akirudi salama. Mara nyingi husemwa kwamba chama huishi kwa sheria na mikutano. Chama hiki kiliishi miaka ile kwa kumbukumbu na barua, na kwa mwanamke mmoja aliyekataa kisife.

Njia ya huzuni ni hii. Katika vijana waliokwenda Muroc kabla ya vita walikuwamo Wamarekani wenye asili ya Japani. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri nambari 9066, na kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili hiyo waliondolewa kwa nguvu katika pwani ya magharibi wakafungwa kambini, wengi wao wakiwa raia wa Marekani. Gari na vifaa viliuzwa kwa bei ya kutupa au viliachwa. Walikuwa wamecheka pamoja na wenzao na kusaidiwa nao. Lakini udugu wa boneti haukuwa na nguvu mbele ya amri ya serikali. Hapa kipimo chetu cha utani chatuonyesha upungufu. Mtani wa kabila ana ukoo mzima nyuma yake wa kumdai na kumtetea; mtani wa gereji ana rafiki mmoja mmoja, na rafiki mmoja mmoja hatoshi.

Baada ya vita vijana walirudi wakiwa na fedha za jeshi na ufundi walioupata katika ndege na vifaru. Gari zao zikaongezeka barabarani, na neno "hot rod" likaenea. Magazeti yalilitumia kama tusi. Kila ajali ya kijana aliyekimbia mjini iliwekwa juu ya vichwa vya wote, na watu wakataka sheria kali. Mwezi Januari mwaka 1948 yakafanywa maonyesho ya gari hizo mjini Los Angeles ili raia waone kwamba nyuma ya kelele kuna kazi ya mikono. Katika maonyesho hayo Robert E. Petersen na mwenzake Robert Lindsay waliuza toleo la kwanza la gazeti lao, Hot Rod, kwa senti 25.

Gazeti hilo lilifanya kwa chapa mambo yaliyokuwa yakifanywa uani. Ukurasa mmoja ulionyesha kwa vipimo na picha jinsi ya kurekebisha kifaa; ukurasa mwingine ulichekesha. Mchoraji wake Tom Medley alimbuni mwaka 1948 mtu aliyeitwa Stroker McGurk. Jina lenyewe ni fumbo la kifundi, kwa maana lilitokana na kurefusha mwendo wa pistoni ndani ya silinda, jambo lililofanywa sana wakati huo ili kuongeza nguvu. Stroker hakuwa mwenye hekima. Alifunga injini nyingi mno na alibuni vifaa vya ajabu. Mara moja alichorwa akiisimamisha gari yake kwa parachuti. Wasomaji walicheka. Kufikia miaka ya 1960 parachuti ilikuwa kifaa cha kawaida katika gari ziendazo kasi sana, kwa kuwa breki peke yake hazikutosha. Sisemi kwamba kifaa hicho kilizaliwa katika kikaragosi, kwani ndege zilikwisha kukitumia. Nasema kwamba mzaha ulikuwa mahali pa kujaribia wazo ambalo mtu mzima angeona haya kulitamka kwa uzito. Atakayecheka hana budi kwanza kuifikiri gari inayovutwa nyuma na kitambaa. Na akiisha kuifikiri, nusu ya safari imekwisha.

Kadhalika utani ulitumika kukemea. Mtu aliyeendesha ovyo mjini, akihama huku na huko, wenziwe walimwita kindi, kwa Kiingereza "squirrel", kwa kuwa mnyama huyo hurukaruka bila ya kujulikana aendako. Jina hilo liliuma kuliko faini. Polisi angaliweza kumtoza mtu fedha, lakini hangaliweza kumwondolea heshima mbele ya watu ambao heshima yao ndiyo aliyoitaka. Walakini tusiupe utani sifa isiyo yake. Jina la kindi halikutosha kuzuia vifo. Kulihitajiwa mahali pa kukimbilia, na kanuni. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake walifungua huko Santa Ana, katika uwanja wa ndege, mahali pa kushindana kwa malipo madogo ya kiingilio. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa Hot Rod, aliongoza kuanzishwa kwa National Hot Rod Association, na mwaka 1954 chama hicho kilituma watu wanne wenye gari na tela kuzunguka nchi, kuvionyesha vyama vya miji jinsi ya kuendesha mashindano ya salama na kukagua gari kabla hazijaondoka. Mkaguzi alitafuta nati iliyolegea, wala hakutazama uso wa mwenye gari. Utani ulitayarisha mioyo ikubali kanuni. Haukuweza kuwa badala yake.

Mwisho wa habari zetu ni biashara. Vijana wa uani wakawa wenye viwanda, na mwaka 1963 wakaunda chama cha watengenezaji wa vifaa vya mbio, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Ed Iskenderian. Mtu angalidhani kwamba fedha zingeua utani, lakini haikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wauzaji wa kamshafti walikuwa wakishindana kwa matangazo, kila mmoja akidai ajabu kupita mwenzake, na Iskenderian akatangaza kamshafti ya "mizunguko mitano". Kila mtu aliyepata kufumua injini ya motokaa ya kawaida anajua kwamba mwendo wake una hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi. Hatua ya tano haipo. Aliyejua alicheka na akampenda muuzaji. Asiyejua alinunua akitumaini. Hapo ndipo utani ulipogeuka. Zamani mzaha ulimfunza mgeni. Sasa mzaha ule ule uliweza kumwacha mgeni nje, naye akalipa.

Msomaji anaweza kusema kwamba hata zamani haukuwa safi, na atasema kweli. Katika gereji nyingi mwanafunzi mpya hutumwa akatafute spana ya mkono wa kushoto, na hurudi mikono mitupu huku watu wazima wakiangua vicheko. Jibu langu ni kwamba tuitazame saa inayofuata. Kama mwanafunzi yule amekaribishwa akakaa, akapewa spana iliyopo na kuonyeshwa nati ya kufungua, basi alitaniwa. Kama alirudishwa kwao na kicheko chake, basi alidharauliwa. Tofauti haimo katika maneno ya mzaha, ambayo huenda yakawa yale yale. Imo katika wajibu unaoyafuata.

Kwa hiyo naona kwamba kipimo cha utani kinafaa hata mbali na makabila yaliyotuletea neno hilo. Kinatuwezesha kuyasoma maisha ya mafundi wasio na vyeti kama historia ya elimu, si kama historia ya starehe. Katika maziwa makavu ya California, ambako mashindano yangali yakifanywa huko El Mirage, watu wasiopata kusoma hesabu za injini walijifunza mambo ambayo viwanda vikubwa viliyafuata baadaye, nao walijifunza wakichekana. Lugha yetu imekwisha kutupa jina la jambo hilo. Kilichobaki ni kwa wanafunzi wa historia na wa Kiswahili kuingia katika gereji zetu wenyewe, za Gerezani, Dar es Salaam, na za Grogan, Nairobi, wakaandike kinachosemwa juu ya injini iliyofunguliwa, na waandike pia ni nani anayeshika spana baada ya kicheko kwisha.